Deizi nne za nchi kavu: ipi uipande Kusini-Magharibi mwa Marekani

Deizi za asili za nyanda kavu huuawa na maji mara nyingi zaidi kuliko kiu. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kulinganisha maua, pima udongo wako. Chimba shimo la kina cha sm 30 pale unapotaka kupanda. Lijaze maji, yaache yanywee yote, ulijaze tena, kisha simamisha rula ndani na uangalie maji yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sm 5 au zaidi, deizi zote nne tunazozijadili hapa zitakaa vizuri. Yakishuka sm 2 hadi 5, chagua kwa uangalifu. Yakishuka chini ya sm 2, mbili kati yake zifute kichwani sasa hivi, au ujenge tuta.

Mimea yenyewe ni hii: Melampodium leucanthum, deizi nyeupe iitwayo mguu-mweusi, Berlandiera lyrata, yaani ua la chokoleti, Baileya multiradiata, maarufu kama marigoldi wa jangwani, na Engelmannia peristenia, deizi ya Engelmann. Yote minne ni ya asili ya Kusini-Magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, na yote ni ya jamii ya alizeti. Maana yake ni kwamba kile unachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi: vya pembeni vinavyofanana na petali, na vya katikati vilivyobanana kama kifungo cha shati. Nyuki akitua kwenye kifungo hicho hupata vikombe vingi vya mbochi bila kulazimika kuruka tena, na ndiyo sababu maua ya jamii hii hayakosi wageni.

Kitaluni, soma jina la Kilatini kwenye lebo. Majina ya mtaani yanapotosha. Kuna Melampodium nyingine yenye maua ya njano, Melampodium divaricatum, inayouzwa kama ua la msimu mmoja. Hiyo inataka maji zaidi na haitakufaa kwenye kokoto. Na anayeomba "marigoldi" tu atapewa Tagetes, mmea mwingine kabisa.

| | Melampodium | Berlandiera | Baileya | Engelmannia |
|---|---|---|---|---|
| Urefu (sm) | 15–30 | 30–60 | 30–45 | 45–90 |
| Nafasi kati ya miche (sm) | 45 | 45–60 | 30 | 45–60 |
| Rangi | nyeupe, kifungo njano | njano, kifungo cha hudhurungi | njano tupu | njano tupu |
| Msimu wa maua | Machi–Novemba | Aprili–Oktoba | Machi–Novemba | Machi–Julai |
| Saa za kufunguka | mchana kutwa | alfajiri hadi kabla ya adhuhuri | mchana kutwa | alasiri hadi asubuhi |
| Maisha | miaka michache | miaka mingi | mwaka 1–3 | miaka mingi |
| Udongo mzito | hapana | kwa tahadhari | hapana | ndiyo |

Miezi hiyo ni ya eneo zima. Ukiwa nyanda za juu zenye baridi, kata mwezi mmoja au miwili kila upande.

Mguu-mweusi au ua la chokoleti?

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo panapostahili maelezo mengi.

Melampodium ni nzuri kuliko zote nne kwa umbo. Hujikunja yenyewe kuwa kichaka cha mviringo mfano wa mto wa kulalia, kisha hujifunika maua meupe, kila moja likiwa na vijiua vya pembeni 8 hadi 13, na hunukia asali jua likipanda. Inakaa chini, haihitaji kuegemezwa, na huchanua kwa miezi mfululizo bila wewe kuikata. Kwenye ukingo wa njia au juu ya ukuta wa mawe hakuna inayoishinda.

Ukitaka kujua jina lake limetoka wapi, chukua ua lililokauka ulivunje juu ya kiganja. Kila mbegu imefumbatwa na jani dogo lililojikunja kama soksi, ambalo likikomaa hugeuka jeusi na kubaki na umbo la mguu mdogo. Melampodium ni Kigiriki cha "mguu mweusi". Kwenye kiganja hichohicho utaona pia kwa nini mbegu zake ni haba: vijiua vya katikati hutoa chavua tu, mbegu hutoka kwa vile vya pembeni peke yake. Ua zima halizidi mbegu kumi na kitu, tena ngumu kuota. Ndiyo maana tunashauri ununue miche, au uchukue vipandikizi vya ncha laini, urefu wa sm 7 hadi 8, mwishoni mwa majira ya kuchipua. Mbegu za pakiti ni kujichosha.

Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa. Kwa asili inaota kwenye miteremko ya mawe ya chokaa, mahali ambapo maji hupita bila kusimama. Ukiiweka penye udongo wenye mboji nyingi na maji ya kila siku, itakua haraka sana mwaka wa kwanza, itakupendeza, kisha upande mmoja utakauka ghafla katikati ya kiangazi. Watu wakiona imenyauka huongeza maji, na hapo ndipo huimalizia. Kilichotokea ni kuoza kwa shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mzizi. Chimba kidogo kwa kidole: ganda likibanduka kirahisi na ndani pakawa pa kahawia, hakuna dawa. Ing'oe, na usirudishe nyingine shimo lilelile mpaka umerekebisha njia ya maji. Hata ikitunzwa vizuri si mmea wa maisha marefu; panga kuwa na mche mpya wa kuchukua nafasi yake kila baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Berlandiera ni kinyume chake. Umbo lake si la kusifiwa: mashina hutawanyika, mengine hulala, na majani ya chini yana mikato isiyolingana. Lakini inasamehe makosa. Ina mzizi mnene unaoshuka wima, na mmea uliokatwa na sungura au kuunguzwa na baridi mpaka chini huchipua tena kutoka kwenye mzizi huo. Inavumilia kiangazi, inavumilia baridi ya Denver, Colorado, na hata ukiimwagilia kupita kiasi kwanza itakuonya kwa kulala chali, kabla haijaanza kuoza.

Halafu kuna harufu. Vijiua vya katikati, vile vya hudhurungi, hunukia kakao kweli. Si mfano wa kakao. Ni harufu ile ya kopo la unga wake linapofunguliwa. Inasikika zaidi alfajiri hadi kama saa tatu au nne asubuhi, hewa ikiwa bado imetulia. Jua likikolea harufu hupotea na petali huinama. Ukiwa mtu wa kutoka nyumbani saa moja na kurudi jioni, panda karibu na mlango au njia ya gari, maana nyuma ya nyumba utaikosa siku zote.

Geuza ua hilo juu chini. Petali ni nane, na mgongoni mwake pamepita mishipa myekundu kama iliyochorwa kwa kalamu nyembamba. Petali zikianguka, hubaki kikombe cha kijani bapa kama sahani ndogo, chenye mbegu zilizopangwa ukingoni. Nazo hazizidi nane, kwa sababu ileile ya Melampodium: vijiua vya katikati havizai. Tofauti ni kwamba mbegu za Berlandiera huota vizuri. Zifukie kina cha mm 3, udongo ukiwa na joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, na subiri wiki mbili hadi tatu. Zikusanye kikombe kikishakauka na kuwa rangi ya majani makavu, kabla hakijapasuka, kwa kuwa ndege wadogo walao mbegu wanazijua vizuri kuliko wewe.

Hukumu yetu: kwa anayeanza, au anayeshiriki mfumo wa maji na majirani na hana uhakika wa ratiba, apande Berlandiera. Melampodium ni ya mwenye uwezo wa kuamua mwenyewe maji yanafika lini. Kwenye chungu hali hugeuka. Melampodium hukaa vizuri katika chungu cha kina cha sm 30 chenye tundu kubwa, mchanganyiko ukiwa nusu udongo wa chungu na nusu kokoto ndogo au pumisi (jiwe jepesi lenye vitundu). Mzizi wa Berlandiera utataka angalau sm 40, na hata hapo utachoka kabla ya wakati wake.

Marigoldi wa jangwani, kwa joto la kweli

Kwenye jangwa la chini la Arizona, Phoenix na Tucson na viunga vyake, Baileya haina mpinzani. Majani yake yamefunikwa na manyoya meupe kama pamba, yanayorudisha jua na kupunguza upotevu wa maji. Yamejikusanya chini, kisha mashina marefu yasiyo na majani yanapanda, kila moja na ua moja la njano kali. Petali ni nyingi sana, zimepangwa kwa matabaka, na kila ncha ina meno matatu. Zikikauka hazidondoki upesi. Hugeuka kuwa kama karatasi na kuinama kuzunguka shina. Kwa hiyo usikate ua kwa kudhani limekwisha kwa sababu tu rangi imefifia. Lisugue kidogo: likitoa mbegu nyembamba kama vipande vya majani makavu, hapo ndipo limemaliza kazi.

Hii ndiyo pekee kati ya nne ambayo tunashauri uianzishe kwa mbegu moja kwa moja ardhini. Oktoba au Novemba, kwangua udongo kwa reki, tawanya mbegu juu, zikandamize kwa ubao au kwa mguu, usizifukie. Mwagilia kidogo kidogo mpaka ziote. Mmea mmoja huishi mwaka mmoja hadi mitatu, lakini ukiacha nusu ya maua yaangushe mbegu, mahali hapo hapatakosa Baileya. Usimwage matandazo mazito hapo. Kokoto za unene wa sm 8 huzuia mbegu mpya zisione mwanga.

Tahadhari moja kwa wafugaji: Baileya ni sumu kwa kondoo na mbuzi, mbichi na kavu. Kama una mbuzi nyuma ya nyumba, au unawakatia majani ya bustani, usiipande. Chagua Engelmannia, ambayo wanyama huila bila madhara.

Ukiona petali zimeshonwa pamoja kwa nyuzi nyembamba, usikimbilie dawa. Huyo ni kiwavi wa nondo aitwaye Schinia miniana, ambaye hukulia kwenye Baileya. Atakula maua machache, kisha atashuka ardhini kujigeuza kuwa nondo. Bustani ya wachavushaji inayowafukuza viwavi itapata vipepeo na nondo kutoka wapi?

Deizi ya Engelmann, kwa udongo unaoshika maji

Jina linatokana na George Engelmann (1809–1884), daktari na mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Frankfurt na kufanya kazi St. Louis. Hii ni deizi ya mbuga za nyasi, wala si ya jangwa: inaota kwenye udongo mzito wa Texas ya kati, kwenye chokaa, kwenye kingo za barabara. Kama lile shimo la kwanza limekuonyesha maji yanashuka polepole, hii ndiyo yako. Majani yamekatwa kwa kina kama mkono wenye vidole, yana manyoya makavu, na hubaki ya kijani chini hata wakati wa baridi.

Saa zake ni za kipekee. Jua kali likiwaka, petali hujikunja kwa chini kama zilizonyauka. Alasiri hufunguka tena na kubaki wazi mpaka asubuhi. Mtu asiyejua huikimbilia na ndoo ya maji saa saba mchana. Iache. Angalia majani: yakiwa yamesimama, mmea hauna shida.

Maua hukoma katikati ya kiangazi. Hapo ikate mpaka sm 15 kutoka ardhini. Ikipata mvua ya mwisho wa kiangazi inaweza kuchanua tena kidogo, lakini usiitegemee. Ng'ombe na kulungu wanaipenda mno, kiasi kwamba kwenye malisho yaliyolishwa kupita kiasi ni kati ya mimea ya kwanza kutoweka. Kulungu wakipita uani kwako, iweke ndani ya uzio au ubadilishe chaguo.

Saa za nyuki

Zikipangwa pamoja, deizi hizi hupokezana zamu. Berlandiera hufungua meza alfajiri, Melampodium na Baileya hushika mchana, Engelmannia huchukua alasiri. Kwa nyuki wa asili, wengi wao wakiwa wapweke wasio na mzinga wa kuweka akiba, chakula cha leo ni cha leo, na saa tatu bila ua ni njaa. Nyuki wenye papasi ndefu wa jenasi Melissodes hukusanya chavua zaidi kwenye maua ya jamii ya alizeti; madume yao utayakuta machweo yameng'ata shina na kulala hapo. Wadogo zaidi, wa jenasi Perdita, wengine hawazidi mm 3 au 4, na usipoinama karibu kabisa utadhani ni vumbi linalotembea.

Takriban asilimia 70 ya spishi za nyuki wa asili wa Marekani huchimba viota ardhini. Kwa hiyo usifunike bustani nzima kwa kokoto, na usitandike plastiki au kitambaa cha kuzuia magugu chini yake. Acha angalau mita moja ya mraba ya udongo mtupu, penye jua, pasipokanyagwa.

Panda kwa makundi. Miche mitano ya aina moja ikiwa pamoja huonekana na nyuki kirahisi kuliko miche mitano iliyotawanywa uani. Na kabla ya kulipa, uliza kitaluni kama miche ilipewa dawa ya wadudu ya aina inayosafiri ndani ya mmea, hasa kundi la neonikotinoidi. Dawa hizo hufika kwenye chavua na mbochi, na mche uliopakwa sumu hiyo ukiuweka bustanini umewaandalia nyuki mtego. Muuzaji asipojua, nunua kwingine.

Neno moja kuhusu deizi za Afrika. Vitalu vya Arizona huuza sana mbegu za Dimorphotheca sinuata, ua la rangi ya chungwa la kusini mwa Afrika, tena mara nyingi ndani ya pakiti zilizoandikwa "maua ya mwituni". Ni zuri, lakini huko ni mgeni na huenea nje ya bustani. Jamaa yake wa mbali kutoka Afrika Kusini, Oncosiphon pilulifer, mwenye vifungo vya njano visivyo na petali, amekuwa gugu baya kuzunguka Phoenix: hujaa mashambani, hukauka na kuchochea moto. Soma orodha ya spishi nyuma ya pakiti. Pakiti isiyo na orodha, iache dukani.

Kupanda

Phoenix na Tucson, panda miche Oktoba na Novemba. Austin na San Antonio, vilevile wakati wa vuli. Albuquerque na Denver, subiri baridi kali ipite, Aprili hadi Mei, au panda mapema Septemba ili mizizi ipate kama wiki sita kabla ya barafu.

Chagua mche mdogo, wa chungu cha sm 10. Mche mkubwa wenye maua huvutia, ila mzizi wake wima umeshajizungusha chini ya chungu na hautanyooka tena. Chimba shimo la kina sawa na chungu, upana mara mbili. Usiweke mboji wala mbolea shimoni: udongo laini uliozungukwa na mgumu hugeuka bakuli la maji. Tikisa mchanganyiko wa kitalu mpaka mizizi ya nje ionekane, kwani mboji ile nyepesi ikikauka hukataa maji hata ukimwagilia pembeni yake. Weka mche ili shingo iwe sm 1 juu ya ardhi. Rudisha udongo uleule, bonyeza kwa mkono, mwagilia mara moja kwa wingi.

Ukigonga tabaka gumu jeupe la chokaa, lile linalolia kama sakafu ya saruji, litoboe kwa mtaimbo mpaka maji yapite. Ukishindwa, panda juu ya tuta la sm 15 hadi 20, lililochanganywa na kokoto theluthi moja.

Matandazo yawe kokoto za mm 10 hadi 20, unene sm 3 hadi 5, na duara la sm 5 kuzunguka shingo liachwe wazi. Magome ya miti hayafai hapa. Yanashika unyevu pale hasa usipotakiwa.

Maji: wiki mbili za kwanza, kila baada ya siku mbili au tatu. Kisha mara moja kwa wiki mpaka mwisho wa kiangazi cha kwanza, kila mara mpaka udongo ulowe kina cha sm 30. Kuanzia mwaka wa pili, Melampodium na Berlandiera hutosheka na mara moja kila wiki mbili au tatu wakati wa joto, na kwa Austin, yenye mvua ya takriban mm 900 kwa mwaka, mara nyingi hakuna haja kabisa. Phoenix ni habari nyingine: mvua ya mwaka haifiki mm 200, na mmea usiopewa maji Juni utaacha kuchanua hata kama haufi. Msimu wa mvua za kiangazi Arizona huhesabiwa 15 Juni hadi 30 Septemba. Mvua ikinyesha, zima taima ya umwagiliaji. Wengi husahau, na Melampodium hufa Agosti kwa sababu hiyo.

Yanayoharibika, na sababu zake

Mashina marefu yanayolala ni dalili ya kivuli, mbolea au maji mengi. Mimea hii inataka jua kwa muda wa saa sita kila siku kwa uchache, na mbolea haihitaji kabisa. Naitrojeni huipa majani laini yanayowaita vidukari. Vidukari vikija, vipige kwa maji ya bomba asubuhi, siku tatu mfululizo. Hiyo inatosha.

Unga mweupe juu ya majani ya Engelmannia na Berlandiera ni ubwiri. Huja hewa isipopita, miche ikiwa imebanana. Ng'oa mmoja katikati, usinyunyizie majani maji.

Sungura hula miche michanga ya karibu kila aina, hata ile inayosemekana hawaigusi. Funika kwa kizimba cha waya wa matundu ya sm 2.5 msimu wa kwanza wote, na uingize ukingo wake sm 5 ardhini.

Melampodium iliyobaki na mashina makavu katikati ilikosa kupogolewa. Mwishoni mwa baridi, vichipukizi vikianza kuonekana chini, ikate nusu ya urefu. Usikate hadi kwenye shina la zamani lisilo na vichipukizi, hapo haitarudi. Berlandiera ikate theluthi moja katikati ya kiangazi ikiwa imechoka, nayo itachanua upya. Duru ya mwisho ya vuli iachie ndege.

Mfano wa kitanda cha mita 3 kwa 2

Weka Berlandiera tano katikati, nafasi ya sm 50. Ukingo wa mbele, upande wa juu unaokauka haraka, weka Melampodium sita kwa nafasi ya sm 45. Kona ya chini ambako maji ya mvua hukusanyika, Engelmannia tatu. Mapengo yanayobaki yatawanyie mbegu za Baileya vuli ya kwanza, isipokuwa kama una mbuzi.

Ukitumia umwagiliaji wa matone, Melampodium iwe na vali yake. Ikiunganishwa na mstari mmoja na Engelmannia, ratiba yoyote utakayoweka itamnyima mmoja au kumzamisha mwingine. Kama vali ya pili haiwezekani, weka kila Melampodium tone moja (tundu la kutonea maji) la lita 2 kwa saa, sm 25 kutoka shinani, na Engelmannia matone mawili ya lita 4. Mwaka wa pili yasogeze matone ya Melampodium mpaka sm 40 kutoka shinani, mizizi iyafuate huko.